Siku moja ya fundi wa nyavu kuukuu za kuopolea samaki

Saa moja asubuhi nafungua madirisha, maana harufu ya vanishi iliyolala usiku kucha inakaba koo. Nakagua fremu niliyoiacha kwenye vibanio jana. Gundi imeshika. Saa ya kwanza imeisha.

Watu wakisikia natengeneza nyavu hufikiria jarife na mashua. Kazi yangu ni wavu mdogo wa mkononi, ule ambao mvuvi wa mshipi humtelezeshea samaki chini ya tumbo akishachoka, ili amwopoe bila uzi kukatika. Tena ni nyavu za zamani: pete ya mbao, mpini wenye kiungo cha shaba ya njano, mfuko wa pamba, kitani au hariri. Wenye nazo huzitunza kama urithi, na wengi wamezirithi kweli.

Saa mbili na nusu, mvuke. Nina ubao wa mti wa ash, kwa sababu mti huo hukubali kupinda bila kukatika. Mafundi huhesabu takriban saa moja ya mvuke kwa kila inchi ya unene. Wangu ni robo inchi, basi dakika 15. Joto hulegeza lignini inayoshikanisha nyuzi za mbao. Ukishautoa ubao, una sekunde chache tu za kuuzungusha kwenye kalibu kabla haujakaza. Sijibu simu wala salamu wakati huo.

Saa nne akaja mzee mmoja na wavu uliofungwa kwenye blanketi. Ulikuwa na muhuri wa Hardy Brothers wa Alnwick, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1872.

"Fundi, huu ni wa miaka ya 1920. Haujaguswa. Nataka ung'ae."

Nikauliza ung'ae wapi. Kila mahali, akasema: shaba isuguliwe, mpini upigwe msasa, vanishi mpya juu. Nikamwonyesha herufi za muhuri kwenye shaba. Zimeshalika, kila msuguo huondoa shaba kidogo, na zikifutika hakuna wa kuzirudisha. Nikamwonyesha mpini ulivyoiva rangi pale mkono uliposhika miaka yote hiyo. Msasa ungeila rangi hiyo kwanza. Akasema rafiki yake ana wavu unaong'aa. Nikasema mtu anayezijua nyavu hizi atautazama wa rafiki yake na kuurudisha mezani.

Tukafika kwenye mfuko. Alishikilia kwamba ni wa asili. Nikamwomba ruhusa nikakata kiuzi kilichokuwa kimening'inia, nikakiwasha kibiriti. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha majivu laini. Kiuzi kile kiliyeyuka, kikajikunja kuwa kishanga kigumu. Nailoni, nikamwambia, ilitangazwa mwaka 1938, kwa hiyo mfuko huu ulibadilishwa baadaye. Akanitazama kana kwamba nimemtukana babake. Akaanza upya: aliyemuuzia ni mtu mwaminifu, kibiriti changu hakina maana, pengine uzi ule ni kiraka tu. Nikakata mwingine upande wa pili, kwa ruhusa yake. Kishanga tena. Ikawa saa sita kasoro na maji ya gundi yangu yamepoa.

Sikumkasirikia. Anaupenda wavu ule, na mtu hataki kusikia kwamba anachokipenda kina kipande cha kigeni. Ila asubuhi yangu ilikwenda.

Mchana wote nikafuma mfuko wa mteja mwingine, kwa sindano ya nyavu na kibao cha kupimia macho, yaani matundu ya wavu. Unaanzia chini na macho machache, unaongeza kila mzunguko mpaka ukingo wa pete. Kila jicho fundo moja, na fundo lililolegea litateleza siku samaki mzito atakapoingia. Uzi wa pamba hukata ngozi ya kidole cha shahada palepale kila siku. Shingo inakaza. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipowasha taa.

Mfuko huu ni wa kutundikwa. Mwenyewe huvua England, na kanuni za huko haziruhusu wavu wa kuopolea wenye macho ya mafundo. Naziunga mkono. Mafundo hukwangua ute unaomkinga samaki na hupasua mapezi yake, na anayemrudisha samaki majini lazima amrudishe mzima. Kwa hiyo nimemtayarishia na mfuko wa pili, laini, usio na fundo, unaoingia kwenye pete ileile. Wa zamani ukutani, mpya majini, na mbao ileile inaendelea kufanya kazi iliyopindiwa.

Usiku yule mzee akapiga simu. Shaba isisuguliwe. Mpini upakwe mafuta ya kitani tu. Kuhusu mfuko bado anafikiri, lakini akauliza kama naweza kumfumia wa pamba, na je, fundo la zamani lilikuwa la aina gani. Tulizungumza mafundo mpaka betri ya simu yake ikaisha.