Dekoda niliyoambiwa imekufa ilikuwa nzima, mpya ndiyo nikaiunguza

Kichwa changu cha treni ya mfano, kile cha dizeli cha skeli ya 1:87 chenye soketi ya pini 8, kiligoma siku moja tu baada ya mimi kukifungua nikapaka grisi kwenye gia. Taa zinawaka vizuri, nikigeuza mwelekeo ya mbele inazima ya nyuma inawaka, yaani amri kinasikia, ila mota hata kutikisika hamna. Mara chache kinajivuta sentimita mbili hivi halafu kinasimama, taa zinapepesa.

Nikauliza wazoefu, jibu likawa moja tu: dekoda (kile kifaa kidogo ndani ya kichwa kinachopokea amri za kontrola na kuendesha mota na taa) imekufa hiyo, weka nyingine. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza umekifungua lini.

Nikasema kabla sijatoa hela ngoja niiriseti. Dekoda nyingi ukiandika 8 kwenye CV8 (CV ni vile visanduku vya mipangilio ndani ya dekoda, kila kimoja kina namba yake) zinarudi zilivyotoka kiwandani. Nikaandika, kontrola ikalalamika kwamba haijapata jibu, nikaipuuza. Nikarudisha kichwa relini nikaita 47, namba yake ya siku zote. Kimya. Sasa hata taa hamna! Basi nikaanza: nasafisha magurudumu, nasugua reli, nazima kontrola nawasha, naita 47 tena, nabonyeza kwa nguvu kama vile kitufe ndicho chenye kosa, karibu saa nzima, mpaka ikanijia kwamba ukishariseti anwani, yaani hiyo namba ya kukiitia, inakuwa 3. Nilikuwa nakiita jina ambalo nimekifuta mwenyewe. Nikaita 3, taa hizo. Mota bado imenuna.

Basi nikawasikiliza wazoefu, nikanunua dekoda mpya, ya bei ya chini lakini hela yake ingenipatia behewa moja au mawili. Nikachomeka, nikafunga bodi (kifuniko cha nje cha kichwa) skrubu zote nne kwa raha zangu, nikaweka relini, nikaongeza mwendo. Harufu ya plastiki inaungua. Haikumaliza hata dakika.

Hapo ndipo nikaacha kusikiliza watu. Kwenye boksi la kichwa kuna kile kiplagi kidogo cha kuchomeka pasipo na dekoda, kinachopeleka umeme wa reli moja kwa moja kwenye mota. Wengi wanakitupa, usitupe! Nikachomeka, bodi iko pembeni, nikakipa umeme wa kawaida wa DC kutoka kontrola ya zamani, kikaondoka kama hakijawahi kuumwa. Mota nzima, gia nzima. Nikatoa kiplagi nikapima kwa mita kati ya waya za mota na magurudumu, kwa sababu kwenye DCC (mfumo huu wa kuendesha treni kwa amri za kidijitali kupitia reli) mota haitakiwi kugusana na chesisi wala reli hata kidogo, reli ina volti kama 15 muda wote na ikipenya upande wa mota unarudishia dekoda moto mdomoni. Mita kimya. Hakuna shoti. Nikakaribia kukata tamaa.

Halafu nikajiuliza, mbona kila kinapogoma bodi imefungwa na kila ninapopima bodi iko mezani? Nikaweka mita kwenye mlio, klipu moja kwenye waya wa mota, nyingine kwenye chesisi, nikapitisha waya za mita chini ya bodi nikaifunika, nikaanza kukaza skrubu robo mzunguko kila moja, taratibu kama nafungua kufuli ya mtu. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, robo ya mwisho, piiii. Nikalegeza, ikanyamaza. Nikakaza, piiii. Nikafanya hivyo kama mara kumi, sikuwa na sababu ya kuendelea, nilikuwa nafurahi tu.

Nikafungua. Waya wa kijivu, ule wa mota, umebanwa chini ya mguu wa bodi pale skrubu ya tatu inapoingia, ganda limechubuka urefu wa punje ya mchele, shaba inameremeta. Na chesisi ya kichwa hiki imeungana na reli ya upande mmoja. Siku ile ya grisi niliusukuma waya pembeni kwa bisibisi nisiuchafue, sikuurudisha.

Nikazungushia tepu, nikaupitisha upande wa pili mbali na miguu yote. Dekoda ya zamani nilikuwa nimeitupia kwenye droo, nikaichomeka nione tu. Kumbe ina kinga, ilikuwa inajizima kila ikionja shoti. Hata yale malalamiko ya kontrola nikayaelewa: dekoda inajibu kwa kuvuta mkupuo mdogo wa umeme kupitia mota, kama miliampea 60, sasa mota imeunganishwa na chesisi itajibu nini. Safari hii CV8 ikasomeka mara ya kwanza. Nikaandika 47 kwenye CV1, nikafunga bodi (huku nashikilia pumzi kwenye skrubu ya tatu), kikaondoka na mabehewa sita.

Wiki iliyopita mmoja wa wale wazoefu kakiona kinatambaa polepole, akaniuliza hiyo dekoda mpya ni ya aina gani, na yeye anunue. Nikafungua droo nikamwonyesha ile yenye doa jeusi katikati.