Jinsi nilivyojua toleo la kwanza la riwaya zangu za upelelezi

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeweka kando riwaya mbili kuukuu za jalada laini nikiamini zote ni toleo la kwanza.

Moja ni ya Penguin, mchapishaji wa Uingereza, yenye jalada la kijani, rangi waliyoitumia kwa hadithi za uhalifu. Nilisoma mwaka wa juu kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji nikaridhika. Kosa lilikuwa hapo: mwaka ule ni wa jalada gumu, la mchapishaji mwingine. Mstari wa pili ndio unaosema lini kilitoka kwa Penguin, na wa tatu, kwa herufi ndogo, ulisema kimechapwa tena. Basi, si toleo la kwanza.

Cha pili kilinisumbua zaidi. Ni cha Gold Medal ya Marekani, iliyoanza mwaka 1950 kutoa riwaya mpya moja kwa moja kwa jalada laini, kwa senti 25. Ndani mlikuwa na mwaka 1952 tu, bila neno lolote la kurudiwa. Lakini jalada lilisema senti 35. Bei peke yake haitoshi, nikafungua kurasa za nyuma, zile za matangazo ambazo wengi huziruka. Karatasi imekuwa ya kahawia, kingo zinamomonyoka. Katika orodha nikaona riwaya nyingine ambayo ninayo pia, na nakala yangu ya riwaya hiyo inaonyesha ilitoka kwa mara ya kwanza 1957. Kitabu cha 1952 hakiwezi kuitangaza.

Nilihuzunika, nakiri. Sasa naanzia nyuma kila mara.