Nilivyoanza kazi ya kuhamisha watu kwa kirikuu

Kwa miaka minne niliendesha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha mtu pale Tabata. Kila jioni nampelekea mwenye gari hesabu ya shilingi 20,000, mvua inyeshe au jua liwake, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho changu. Nilibeba saruji, marumaru, soda, chochote kilichofika kijiweni. Kazi ya kuhamisha watu wenzangu wengi waliikwepa. Inakula nusu siku, mwenye vitu analilia bei, na kitu kikivunjika ni ugomvi.

Mimi niliipenda, na nikaona ina watu. Dar es Salaam nyumba nyingi za kupanga kodi hulipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka. Mkataba ukiisha mtu anabanwa: dalali keshachukua kodi ya mwezi mmoja, pesa imeshaingia kwa mwenye nyumba mpya, na vitu bado viko kwa yule wa zamani. Mtu wa namna hiyo anahitaji gari leo, na anahitaji dereva asiyemwongezea mzigo moyoni.

Mwaka 2021 nilinunua Suzuki Carry yangu, mkononi kwa mtu, kwa shilingi milioni 8.5. Milioni tano zilikuwa akiba, nyingine mke wangu alikopa kwenye kikoba chake, nasi tukazirejesha kwa miezi kumi na moja. TIN ya kodi, bima na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, nilivimaliza kabla sijapakia hata ndoo, maana gari likikamatwa na kabati la mtu likiwa nyuma, unakuwa umemkamatisha na yeye.

Lakini pesa niliyoitumia vizuri kuliko yote ni laki tatu na nusu niliyompa fundi wa kuchomelea kule Gerezani. Alinitengenezea fremu ya mabomba nyuma, kisha likashonwa turubai zito la kuizunguka pande zote. Nilikuwa nafikiria mvua tu. Wiki ya pili akapiga simu dada mmoja, ndoa yake imevunjika, anarudi kwao Mbagala. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Kaka, hilo turubai linafunika hadi nyuma?" Nikamwambia linafunika. Akasema, "Basi njoo."

Siku ile ndipo nilipoielewa kazi yangu. Kirikuu cha wazi kikikwama kwenye foleni ya Mandela, mji mzima unatazama maisha ya mtu: godoro lenye ramani, masufuria yenye masizi, kapu la nguo za ndani. Anayehama anataka sitara kwanza, bei baadaye. Ndiyo maana nina vijana wawili ninaowalipa kwa siku, na amri ya kwanza ni kwamba droo haifunguliwi na kitu cha mtu hakisemwi. Mmoja nilimwachisha kazi kwa kucheka godoro la mteja. Alikuwa na nguvu na mchapakazi, na bado sijutii.

Mambo ya kupakia nilijifunza mengine kwa hasara. Mablanketi ya mitumba kumi na mawili nilinunua Karume, nikaongeza kamba za manila na mipira ya baiskeli. Godoro la sita kwa sita halilali kwenye bodi ya Carry, ambayo upana wake ni kama mita 1.4, kwa hiyo linasimama ubavuni, na kioo kinaegemea hapo. Friji husafiri limesimama. Likilazwa, oili ya kompresa huingia kwenye mabomba ya gesi, basi likifika liache lisimame saa kadhaa kabla ya kuliwasha. Boliti za kitanda zinaingia kwenye soksi, soksi inafungwa kwenye ubao wa kichwani. Kiwandani Japani gari hili walilipangia kilo 350. Mjini watu wanalibebesha mara mbili yake. Mimi sifanyi hivyo. Vyumba viwili ni safari mbili, na mteja anaambiwa mapema.

Bei ndiyo iliyonitesa mwanzo. Mtu wa Sinza aliniambia, "Vitu vichache tu, kaka," nikataja 50,000 hadi Goba. Nikakuta ghorofa ya tatu, friji mbili, makabati matatu, na huko uani simtanki na banda la kuku. Safari tatu, na barabara za Goba mnazijua milima yake. Nilikuwa nimeshatoa kauli, sikuibadilisha, nikamaliza saa tano usiku bila hata pesa ya mafuta ya kesho. Tangu hapo naenda kuona vitu jioni ya kuamkia siku ya kuhama, au naomba video: zunguka vyumba vyote, fungua na stoo, nionyeshe na uani. Uani ndiko mzigo unakojificha.

Kuna swali jingine nililolilipia siku nzima. Kijana mmoja alinitaka saa kumi alfajiri, nami sikujiuliza kwa nini mapema hivyo. Tumeshapakia, tunageuza gari, bibi mwenye nyumba ameweka kiti katikati ya geti, ameketi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Gari hilo halitoki. Huyu nina miezi minne namdai."

Aliitwa mjumbe, vitu vikashushwa kimoja kimoja mbele ya majirani, na turubai langu halikusaidia kitu. Watoto wawili wa yule kijana walikuwa wamelala juu ya mabegi. Niliumia kwa ajili yao, na niliumia kwa ajili ya bibi, kwani alinionyesha kikopo cha dawa za presha kikiwa kitupu. Sikumdai mtu nauli. Sasa mteja akipiga, kabla ya kuuliza anatoka wapi kwenda wapi, namuuliza kama ameshaagana na mwenye nyumba. Wengine hujibu haraka. Wengine hunyamaza, na simu inaishia hapo.

Kipindi cha masika kazi hupungua lakini haikatiki. Wengi sasa wanahamia pembezoni, Chanika, Kinyerezi, Kijichi, na mara nyingi tunafika giza limeshaingia, LUKU, mita ya umeme, haina hata uniti moja na watoto wanasinzia wima. Kwa hiyo godoro la watoto, neti na jiko la gesi tunavipakia mwisho kabisa. Tukifika tunavishusha hivyo kwanza, kijana mmoja anashika tochi, mwingine anafunga neti. Watoto wakishalala ndipo tunarudi kwenye gari kushusha kabati.