Turubai jipya la MGB

MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, tuliyoletewa gerejini ili tuibadilishie turubai la paa lake la kukunja, ilikuwa ya mwaka 1972, kwa hiyo ilikuwa na fremu ya kukunja iliyochorwa na Michelotti, mbunifu wa magari wa Italia, ile iliyoanza kufungwa kwenye magari haya mwaka 1970. Hilo tulilihakikisha kabla ya kuagiza chochote Uingereza. MGB zilitengenezwa Abingdon tangu 1962 hadi 1980, na turubai lililoshonewa fremu za mwanzo halikai kwenye hii hata ulivute vipi. Mwenye gari alitaka vinili nyeusi. Kitambaa kizito cha kufumwa kinapendeza zaidi, lakini bei yake ilimfanya akunje uso, akasema vinili inatosha.

Turubai la zamani lilikuwa limefungwa na gereji nyingine, na lilipobanduliwa tuliona wazi kwa nini lilikuwa likipigapiga kila gari likishika kasi barabara ya Naivasha. Mbele walitumia gundi ya viatu. Gari likianikwa juani, ile reli ya chuma inayokaa juu ya kioo cha mbele hupata moto wa kuunguza vidole. Gundi ya viatu hulainika, na turubai linateleza kidogo kidogo kutoka chini ya reli hadi paa zima linalegea. Mvua ikinyesha, maji yanatuama katikati ya mataruma, yaani vile vyuma vya fremu vinavyobeba turubai, na kutafuta njia ya kuingia. Inatakiwa gundi ya kupaka pande zote mbili inayohimili joto, ile wanayotumia mafundi kubandika dari za magari. Mkebe wa nusu lita unatosha na unabaki.

Kulitoa ni kazi ndogo. Unachomoa raba ya mbele kwenye mfereji wake wa alumini, unatoboa vichwa vya riveti kwa keekee ya milimita 3.2, mfereji unaachia, kisha unabandua turubai taratibu. Nyuma, ndani ya pindo, mna upapi mrefu wa chuma wenye kulabu mbili zinazoingia chini ya vibao vya kromu vilivyo juu ya bodi. Upapi huo hauji na turubai jipya. Wapo waliokwisha kuutupa pamoja na vinili kuukuu, wakaja kulia baadaye.

Fremu tuliitoa nzima, skurubu tatu kila upande, maana haina faida kuvika nguo mpya kwenye mifupa iliyooza. Reli ya mbele ilikuwa na kutu upande wa chini, pale maji yanaponaswa kati ya gundi na chuma. Brashi ya waya, msasa, rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi nyeusi. Mikanda ya utepe inayoshika mataruma yasiachane ilikuwa imelegea kama lastiki ya suruali ya zamani, na tukaibadilisha. Watu wengi huiruka hatua hii. Mikanda ikiwa mirefu, mataruma yanalala mahali pasipo pao, na hakuna turubai litakaloficha kosa hilo.

Fremu iliporudi garini tulianza na vioo vya milango. Raba za pembeni za paa hukaa juu ya vioo hivyo, kwa hiyo urefu na mwinamo wa kioo lazima urekebishwe kwanza. Ukimaliza paa ndipo uanze kugusa vioo, utakuwa unarekebisha kimoja na kuharibu kingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, na asubuhi za Nairobi zilikuwa bado na baridi. Mwenye gari alifika mapema akitaka tuanze. Fundi wa viti, aliyekuja na mkasi wake na chaki, alimkatalia kwa upole: "Mzee, vinili ya baridi ni fupi. Tulipe jua kwanza." Turubai likatandazwa juani mpaka likalainika, na kazi ikaanza saa sita mchana.

Tulianzia nyuma. Upapi ulifungwa kwa riveti kwenye pindo jipya baada ya kupima kati ya upapi na kati ya turubai na kuweka alama ya chaki. Kulabu zikaingia chini ya vibao vya kromu. Kisha reli ya mbele ikashushwa juu ya kioo, lakini komeo zinazoishikiza kwenye fremu ya kioo hazikufungwa: tuliweka vipande vya ubao vya milimita 20 kati ya reli na fremu ya kioo. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Turubai huvutwa kwa mkono mpaka mikunjo inyooke tu, linabandikwa likiwa hivyo, halafu ubao ukiondolewa na komeo zikifungwa, reli yenyewe ndiyo inayolikaza. Anayelivuta kwa nguvu zote huku reli imeshuka atapata paa zuri siku hiyo, na usiku wa kwanza wa baridi komeo zitakataa kufunga.

Gundi ilipakwa kwenye reli na kwenye vinili, tukasubiri kama dakika 15 mpaka ikawa hainati kidoleni. Ikishagusana haina msamaha, kwa hiyo tuliweka karatasi katikati na kuivuta kidogo kidogo, tukianzia kati na kwenda pembeni, mmoja kushoto mwingine kulia. Pembe za reli ndizo zenye kusumbua. Fundi alikata vijipasuo vidogo kwenye ukingo wa ndani ili vinili ipinde bila kujikusanya. Ziada ikakatwa, mfereji wa alumini ukarudi na riveti mpya, raba ikasukumwa ndani ikiwa imepakwa maji ya sabuni.

Vifungo vya pembeni vilikuja mwisho kabisa, paa likiwa limefungwa, maana tundu kwenye vinili halirudi. Ncha ya kila kifungo cha bodi ilipakwa chaki, vinili ikabanwa juu yake, na alama ilipotokea ndipo tukatoboa.

Maji tulimwaga kwa mpira bila kubana mdomo wake, kuanzia mbele. Reli ilikuwa kavu. Mlango wa kulia ulivuja nyuma ya kile kioo kidogo cha pembetatu, ugonjwa wa kila MGB. Tulilegeza bolti za fremu ya kioo ndani ya mlango na kusukuma upande wa chini nje kidogo, juu ikaja ndani na kuibana raba.

Mwenye gari aliambiwa asilikunje paa kwa wiki mbili, na hata baadaye asilikunje asubuhi, kwa sababu dirisha la plastiki la nyuma hupasuka likikunjwa likiwa na baridi. Aweke kitambaa laini kati ya mikunjo ya dirisha, wala asilifute kwa petroli au thina. Alisikiliza yote, kisha akauliza kama wiki hizo mbili zitaisha kabla ya Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari maridadi kule Ngong, mwishoni mwa mwezi. Zingeisha.