Jinsi nilivyozuia maji kutona ndani ya hema ukingoni mwa Ngorongoro

Hema ambalo hapa Mwanza tulilalia ufukweni mwa ziwa bila shida lilitutonea maji usiku kucha tulipolisimamisha kwenye kambi ya Simba, katika uwanja wa nyasi ulio ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ingawa mvua haikunyesha. Shemeji alishikilia kwamba mishono imeachia. Hata hivyo, nilipomulika tochi niliona matone madogo yametanda juu ya kitambaa chote, hata pasipo na mshono, nikatambua kuwa ni mvuke wa pumzi zetu uliogeuka maji.

Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na ukingo ule takriban mita 2,300. Kwa kuwa joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kitambaa hupoa sana, na mvuke usio na pa kutokea hugeuka maji juu yake.

Usiku uliofuata nilifungua matundu ya hewa na kuacha zipu ya mlango wazi upande wa juu, upana wa kiganja, kisha nikakaza kamba ili turubai la nje lisigusane na hema la ndani. Viatu na taulo mbichi vilihamia garini. Shemeji, mtu wa ziwani asiyeivumilia baridi, alikubali baada ya kuongezewa mkeka na blanketi chini, kwani baridi kali hasa hupanda kutoka ardhini. Kulipokucha, unyevu wa ndani ulikuwa kwenye pembe moja tu, nikaufuta kwa kanga.