Jumamosi kando ya mfereji: Great Falls hadi Seneca

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai ya tangawizi iko kwenye chupa, plasta za malengelenge ziko mfukoni. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kazi: naongoza watembeaji kando ya mfereji wa zamani wa mashua, Chesapeake and Ohio, hapa Maryland, jirani na Washington. Leo nina kundi la wenzetu, watu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanaoishi huku.

Saa moja na nusu. Safari ni ya kwenda tu, kwa hiyo tunaacha baadhi ya magari kule mwisho, Riley's Lock ya Seneca (lock ni chumba cha kuinulia au kushushia mashua), halafu tunabanana kwenye yaliyobaki hadi Great Falls.

Saa tatu. Kabla ya kupiga hatua nawasimamisha kwenye Lock 20, na hapa sina haraka. Mama mmoja wa Moshi ananiuliza, "Mwanangu, maji haya yanapandaje mlima bila pampu?"

"Hayapandi, mama. Kinachopanda ni chombo."

Nawaonyesha chumba cha mawe, urefu kama mita 30, chenye milango ya mbao huku na huku. Mashua iliingia, mlango wa nyuma ukafungwa, maji ya upande wa juu yakaachiliwa taratibu, nayo ikainuka kama mita mbili na nusu. Tazameni mbao zinavyokutana: hazikunyooka, zimefanya pembe, ncha yake ikielekea yanakotoka maji. Kadiri maji yanavyosukuma, ndivyo mlango unavyozidi kukaza. Kulikuwa na vyumba 74 vya aina hii kati ya Georgetown kule Washington na mji wa Cumberland, kilomita 297. Watoto wanainama kuchungulia, nami nimewashika kola.

Saa nne kasorobo tunaondoka. Mto Potomac kushoto, mfereji kulia, katikati njia yetu, tambarare kabisa. Ilitengenezwa kwa ajili ya baghala waliokokota mashua za makaa ya mawe kwa kamba ndefu, mara nyingi wakiswagwa na watoto wa mwenye mashua. Kazi ilianza tarehe 4 Julai 1828, Rais John Quincy Adams akichimbua udongo wa kwanza. Siku hiyohiyo, mjini Baltimore, reli ya Baltimore and Ohio nayo ilizinduliwa. Reli ilifika Cumberland mwaka 1842, mfereji mwaka 1850. Vibarua wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, na kipindupindu cha 1832 kiliwamaliza wengi wao. Hilo nalisema kila safari, hata watu wakiwa na hamu ya kupiga picha. Ardhi tunayokanyaga ni jasho lao.

Swains Lock tunapita tu. Kobe wamejipanga juu ya gogo wakiota jua.

Saa sita na nusu, Pennyfield. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi. Watu wakishashiba nawapa habari ya 1954. Mafuriko ya 1924 yalikuwa yameufunga mfereji, na sasa kulikuwa na mpango wa kupitisha barabara ya magari hapa. Gazeti la Washington Post likauunga mkono. Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani akawaandikia wahariri: njooni tutembee wote mfereji mzima, mjionee. Safari ilianzia Cumberland: walioshiriki kipande hiki au kile walikuwa watu 58, waliomaliza njia yote kwa miguu walikuwa 9, Jaji akiwemo. Gazeti likalegeza msimamo, na mwaka 1971 pakawa hifadhi ya taifa ya kihistoria.

"Kwa hiyo bila wale tungekuwa katikati ya lami?" anauliza kijana wa Bukavu. Ndiyo, kaka.

Saa nane. Chini ya majabali ya Blockhouse Point kundi limetawanyika. Mimi niko nyuma kabisa na mzee mwenye goti bovu. Kwa maoni yangu kiongozi ni wa nyuma. Mbele njia yenyewe inatosha kuongoza.

Saa tisa na robo, Riley's Lock. Mfereji ulivuka kijito cha Seneca juu ya daraja la mawe mekundu lenye matao matatu. Moja lilisombwa na mafuriko mwaka 1971. Mawe ya Seneca ndiyo yaliyojenga jumba jekundu la Smithsonian, taasisi ya makumbusho, kule Washington. Yule mzee, kumbe ni fundi mwashi, anapitisha kidole kwenye maungio. "Hawa walijua kazi," anasema, na anakataa kukaa hadi ameyakagua matao mawili yaliyobaki.

Saa kumi madereva wanarudishwa Great Falls kuchukua magari. Jumamosi ijayo tunaanzia hapahapa, kwenda Edwards Ferry, kilomita 13.