Pembe Haiharakishwi

Mpenzi yeyote wa visu vya kukunja hulijua jina la Pattada, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Sardinia, Italia. Nilipopata kazi ya muda kisiwani humo, siku ya mapumziko sikuiona bahari. Nilipanda Pattada.

Kisu cha huko huitwa resolza, na asili yake ni kisu cha wachungaji. Bapa lake ni jembamba, limechongwa kama jani la mhadasi. Mpini ni pembe ya kondoo dume. Hakina kitasa cha kulizuia bapa likishafunguka. Linashikwa na mkazo wa ribiti tu, yaani pini inayounganisha bapa na mpini, na hapo ndipo mhunzi anapopimwa: ribiti ikilegea bapa linacheza, ikikazwa mno kisu hakifunguki kwa kidole.

Karakana niliyoingia ilikuwa chumba kimoja kinachonuka pembe iliyopata moto. Mzee mwenye karakana akanitandikia visu juu ya kitambaa, akarudi kwenye kazi yake. Alivyoniacha nivikague peke yangu nilipapenda zaidi. Nilivifungua kimoja kimoja, nikalisukuma bapa huku na huku, nikavifunga tena kuona kama linalala katikati ya mfuo wa mpini bila kugusa pembeni. Hakuna kilichocheza. Kwenye maduka ya watalii kule pwani nilikuwa nimeshika vinavyofanana navyo kwa sura, vyenye mpini wa plastiki, na vilinikasirisha kwa kubeba jina la mji huu.

Kilichonivutia kuliko vyote kilikuwa cha pembe nyeusi. Mzee akakiondoa taratibu: kina mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini asinitengenezee kingine wiki hiyo. Akanionyesha rafu iliyojaa pembe. Pembe huzaliwa imepinda, akasema; huipasha moto, huibana kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania, inyooke, kisha huiacha itulie muda mrefu kabla ya kuikata. Ukiiharakisha, itarudi kujipinda ikiwa tayari ni mpini, na bapa litakwama ndani.

Nikanunua cha pembe ya manjano, chenye bapa la chuma cha kaboni, kwa euro 280. Sikuomba punguzo, kazi ile ilistahili zaidi. Cha pembe nyeusi nikakiagiza. Akaandika jina na anwani yangu kwenye daftari, akapokea malipo ya awali, na nilipomwuliza kitakuwa tayari lini, akanyoosha kidole kuelekea ile rafu ya pembe.